Swali Lililonigharimu Mbuzi

Vijana, mimi ni mwoga. Naanza hapo ili msije mkasema sikuwaambia. Niliogopa miaka yote niliyokaa dirishani kwenye sacco yetu ya Kangundo, chama cha akiba na mikopo, kwanza nikipokea akiba za wakulima wa kahawa, baadaye nikiwa karani wa mikopo. Sasa nimestaafu, nafuga mbuzi na kuku, na bado naogopa. Pikipiki ikisimama langoni nachungulia kwanza dirishani. Mkinivumilia mtajua ni kwa nini.

Watu hufikiri kazi ya sacco ni kuhesabu pesa. Kuhesabu, si hata mashine inahesabu? Kazi yenyewe ni kuogopa kwa niaba ya mwenye pesa, maana yeye akishaiona faida kichwani huwa haogopi tena. Hilo nilifundishwa na Mzee Nzioka, meneja wetu wa kwanza, mtu mfupi mwenye koti moja la kijivu na mdomo mkali kama pilipili. Mwanachama akitaka kutoa akiba yake aipeleke mahali pengine, Nzioka alimwita ofisini, akamkalisha, akamuuliza maswali matatu. Hiyo pesa ikifika huko itafanya kazi gani? Nani ataishika, na huyo anayeishika anachungwa na nani? Na siku ukiitaka, utatoka nayo kwa mlango gani? Watu walimchukia. Walisema anahoji kama askari.

"Kila mahali pa kuweka pesa pana woga wake, Mwikali," alikuwa akiniambia. "Kazi yako ni kuujua huo woga kwa jina. Ukiona mahali hapana woga hata kidogo, chukua viatu vyako mkononi ukimbie."

Basi mwaka huu, nikiwa nimestaafu zamani na Mzee Nzioka yuko kaburini, binti yangu Mumbua akanipigia simu. Mumbua ni mwalimu wa shule ya msingi. Ameolewa Mitaboni na kijana anaitwa Kyalo, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma huko Mavoko na kurudi nyumbani wikendi. Tukaongea habari za mvua, tukaongea habari za watoto, halafu akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Mama, niliandika notisi ya kujitoa sacco. Imebaki wiki moja nipewe pesa yangu."

Nilikuwa nimesimama. Nikatafuta kiti.

Lazima niwaeleze hapa, maana wengi wenu mna sacco na hamjui sheria zake. Amana zako za sacco huwezi kuzitoa tu ovyo ukiwa mwanachama. Unaweka, unakopa ukiegemea hizo amana, unapata riba kidogo kila mwaka. Ukizitaka zote, unajitoa kabisa, unaandika notisi, unangoja miezi miwili, na kama umemdhamini mtu ambaye hajamaliza mkopo wake, unangoja zaidi. Zile hisa nazo hurudishiwi, unamuuzia mwanachama mwenzako. Woga wa sacco ni huo: udhamini. Unaweza kukaa kwako unakula muthokoi, kumbe mtu uliyemdhamini ametorokea mjini na ni amana zako zinakatwa. Lakini pesa ya Mumbua ilikuwa imekaa salama tangu aajiriwe. Ilikuwa karo ya watoto wake watatu hadi chuo. Hana nyingine.

"Unaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kyalo ako na kitu, Mama. Kampuni inanunua pikipiki za umeme, inakodisha kwa vijana wa boda. Wewe unaweka pesa kwa simu, kila Ijumaa unapata yako. Watu wengi hapa Mitaboni wako ndani na wanalipwa. Haijawahi kukosa hata Ijumaa moja."

Haijawahi kukosa. Ngai wakwa, Mungu wangu! Nikamkumbuka Nzioka na viatu vyake mkononi.

Nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia kama amechoka na sacco, aikopeshe serikali. Siku hizi hata mwalimu anafanya hivyo kwa simu. Kuna hati za muda mfupi, haufiki mwaka unarudishiwa, na kuna bondi za miaka mingi, riba inakuja mara mbili kwa mwaka. Woga wake ni muda. Serikali inakulipa siku yake, lakini karo haingoji siku ya serikali, na ukiuza bondi kabla ya wakati unaweza kuuza kwa hasara. Nikamwambia kuna mifuko ya pamoja, ambapo watu wa kazi hiyo wanakusanya pesa za wengi na kuziweka kwa serikali na mabenki, nawe ukitaka yako unaipata kwa siku chache. Woga wake ni kwamba riba hupanda na kushuka, ada yao wanakata, na siku hizi kila tapeli anajiita mfuko. Kwa hiyo leseni usiisome kwenye karatasi anayokuonyesha yeye. Unakwenda kuwauliza wale wanaotoa leseni.

"Mama, hizo zako ni za pole pole," Mumbua akasema. "Utakufa ukingoja."

"Basi iache benki ilale!"

"Si ni wewe ulisema benki inaoza?"

Kweli nilisema. Wazee walitufundisha kwamba akiba haiozi, lakini mimi nimeiona ikioza. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kathiani aliuza ng'ombe, akaweka pesa kwenye akaunti, akaisahau makusudi ili asiile. Alipokuja kuitoa miaka mingi baadaye akasema anataka kununua ng'ombe mwingine. Shilingi zote zilikuwepo na riba kidogo juu yake, hakuna aliyeiba. Ni bei zilizokuwa zimemkimbia. Alirudi kutoka sokoni akaniambia, "Mama Mumbua, pesa yangu imenunua miguu ya nyuma tu." Tulicheka wote wawili, lakini yeye alicheka kidogo.

Nikamwambia Mumbua hata hisa za soko ni afadhali, ingawa hisa zenyewe zilinikosesha usingizi kwa ajili ya watu wengine. Kununua hisa ni kununua kipande cha kampuni. Ikistawi unapata gawio na bei inapanda, ikianguka unaanguka nayo. Mwalimu mkuu mmoja alikuja kwetu akachukua mkopo ili anunue hisa za kampuni iliyokuwa inauzwa kwa mara ya kwanza, kila mtu anazizungumzia, hata wauza mandazi. Bei ikashuka. Mkopo haukushuka. Alikuwa anapita kila asubuhi kuomba gazeti letu, anafungua ukurasa wa bei, analifunga, anasema "asante" kwa adabu na kwenda zake. Pesa ya hisa iwe ile ambayo ikilala chini miaka mitano watoto wako bado wanakula. Ya kukopa usiipeleke huko hata kidogo.

Mumbua alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Muulize Kyalo mwenyewe basi."

Alijua siwezi. Ndiyo maana alisema hivyo, huyu mtoto!

Nyinyi wa mjini, wa Syokimau na Mlolongo, mtanicheka, lakini sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima ya wakwe, na kubwa kuliko zote ni ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume. Tangu Kyalo amwoe binti yangu sijawahi kula naye meza moja. Akija kwangu anasalimia kwa mbali akiangalia chini, mimi napita mlango wa jikoni. Nikiwa na neno, namtuma Mumbua au ndugu ya marehemu mume wangu. Habari za mfuko wake siwezi kuziuliza, ni aibu ya ukoo mzima. Na ukivunja nthoni, unatozwa mbuzi.

Nikaenda kwa shemeji yangu Mutiso, ndiye mwanamume aliyebaki wa kunisemea. Nikamwomba aende Mitaboni akamuulize Kyalo yale maswali matatu. Mutiso akakohoa. Akaangalia kuku. Akasema, "Mwikali, wacha kuchokoza nyuki."

"Nyuki gani?"

"Mimi pia nimeweka huko kidogo. Nalipwa. Sasa nimuulize nini kijana wa watu? Aone simwamini?"

Hapo ndipo nilipoogopa vizuri. Nilielewa kwamba Mitaboni yote ilikuwa imefanya hivyo hivyo. Kyalo aliwaingiza wakwe zake, wajomba, watu wa ukoo na wazee wa kanisa, na kila mmoja aliona haya kumuuliza kwa sababu ya heshima. Ukoo mzima ulikuwa umefunga mdomo kwa adabu. Mtu wa mbali wangemhoji mpaka atokwe na jasho, lakini mkwe, nani atamhoji?

Nikamkumbuka Mama Kasiva. Sitaki kumkumbuka lakini siku hizo kumbukumbu yake ilikaa nami jikoni. Alikuwa mkulima wa kahawa, mjane, mteja wetu mwaminifu. Siku moja alitaka kutoa kila kitu akaweke kwenye mpango fulani uliokuwa unazaa pesa mara mbili kwa msimu. Nzioka alimuuliza maswali yake, akamsihi, karibu apige magoti. Mama Kasiva akamjibu, "Mzee wa kanisa letu ameweka. Mimi ni nani nimuulize?" Akatoa. Baada ya muda ofisi za mpango ule zikafungwa, viti vikabaki, watu wakapotea. Na asubuhi moja Mama Kasiva akaja dirishani kwangu, amevaa nguo za kanisani, akasema, "Nimekuja kuchukua zangu."

Nikamwambia, "Mama, si ulizitoa?"

"Najua," akasema. "Lakini angalia tena."

Nikaangalia tena. Nifanye nini? Nikageuza kurasa pole pole huku nimeinamisha kichwa, nisione macho yake. Alirudi juma lililofuata, na lile lililofuata. Kila mara aliniambia niangalie tena. Na siku hizo za Kyalo, katika ndoto zangu aliyesimama dirishani alikuwa Mumbua.

Jumamosi iliyofuata nikamfunga mbuzi wangu mmoja kamba, jike zuri, nikaita pikipiki. Kijana wa boda akamtazama mbuzi, akanitazama. "Mama, huyu abiria wa pili analipa?" Nikamwambia aendeshe. Njia nzima hadi Mitaboni nilimkumbatia yule mbuzi, sijui nani alikuwa anatetemeka kuliko mwenzake. Mara mbili nilitaka kumwambia kijana ageuze. Niliogopa kwamba Kyalo ni mwizi. Niliogopa zaidi kwamba si mwizi, nami nitakuwa mama mkwe wa kwanza katika ukoo wetu aliyekwenda kumwaibisha mkwe wake bure, na ndoa ya binti yangu ivunjike kwa mdomo wangu.

Kyalo alikuwa kwenye ile nyumba wanayojenga, anachanganya simiti. Aliponiona akaacha koleo, akatafuta pa kutokea. Nyumba haikuwa na mlango wa nyuma bado. Maskini, alizunguka chumba chote kama kuku aliyefungiwa.

"Simama hapo, mwanangu," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Huyu mbuzi ni wa nthoni. Mimi ndiye navunja, mimi ndiye nalipa. Niko na maswali matatu, halafu naenda."

Akasimama akiangalia chini. Nikamuuliza la kwanza, hiyo pesa inafanya kazi gani. Akajibu haraka, kama wimbo aliokariri: pikipiki za umeme, kukodisha, betri. Nikamuuliza ameziona wapi hizo pikipiki. Akasema ameona picha. Nikamuuliza la pili, nani anaishika na anachungwa na nani. Akataja mtu aliyewahi kukutana naye mara moja kwenye hoteli, na kikundi cha simu ambamo sasa hakuna anayeweza kuandika ila wakubwa wenyewe.

"La tatu," nikasema. "Wewe Kyalo ukiitaka pesa yako leo, unatoka nayo kwa mlango gani?"

Akaanza kukwangua simiti mikononi. Mbuzi akalia. Nikangoja, maana Nzioka alinifundisha kwamba swali la tatu lina jibu lake hata mtu akinyamaza.

"Mlango ulifungwa, mwaitu," akasema mwishowe. Mwaitu ni mama kwa lugha yetu, na hakuwahi kuniita hivyo usoni. "Ulifungwa kitambo. Ukibonyeza kutoa, inasema ungoje."

"Lakini watu wanalipwa kila Ijumaa!"

"Ni mimi. Ni mimi nawatumia. Mshahara wangu, halafu mikopo ya simu. Nilifikiri watafungua. Nilikuwa nangoja pesa ya Mumbua niwatumie hata miezi kadhaa, labda watakuwa wamefungua."

Nikaketi juu ya mfuko wa simiti. Kijana wa watu alikuwa amekonda, na mimi sikuwa nimeona, kwa sababu adabu yangu ilinikataza kumtazama.

"Mbona hukusema?"

Akaniangalia sasa, machoni, kwa mara ya kwanza. "Nani aliniuliza, mwaitu? Hakuna mtu aliniuliza kitu. Wote walikuwa wananiheshimu."

Mumbua alikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Sijui alifika saa ngapi. Chai yote ilimwagika.

Jumatatu asubuhi mimi mwenyewe nilikwenda na Mumbua mpaka sacco, akafuta notisi. Karani wa siku hizi, msichana mdogo mwenye kompyuta, hakuuliza lolote, akabonyeza tu. Nilitaka kumwambia habari za Nzioka lakini watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu.

Msidhani mambo yakaisha hapo. Pesa ya Mumbua ilibaki, lakini ya Mitaboni ilikuwa imekwenda. Kyalo aliwaita wote aliowaingiza akawaambia ukweli akiwa amesimama, kisha akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Wengine walilia, mmoja alimrukia ashike shingo yake. Mutiso haongei nami hadi leo, anasema ni mimi niliyeharibu. Ati wangeendelea kulipwa! Kwa hiyo pikipiki ikisimama langoni kwangu, nafikiri ni mtu amekuja na panga kumtafuta mkwe wangu, au amekuja kuniambia Kyalo amejifanyia kitu. Ndio huo woga niliowaambia.

Na mbuzi? Kwa desturi mbuzi wa nthoni anachinjwa, watu wanakula, mambo yanaisha. Kyalo aliniomba ruhusa kupitia kwa Mumbua, akampeleka sokoni akamuuza. Pesa ile akampelekea mama mmoja mzee aliyeweka huko akiba yake ya maembe. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyerudishiwa. Wengine wanapata kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi kutoka mshahara wake, na itachukua miaka.

Wiki iliyopita nilikuwa namkamua mbuzi, simu ikalia. Jina la Kyalo. Hajawahi kunipigia tangu amwoe binti yangu. Nikainuka ghafla nikamwaga maziwa. Nikajua kimeumana, ni leo.

"Mwaitu," akasema, "hapa kazini kuna jamaa anauza ploti huko Katangi. Anasema bei ni ya leo tu. Mimi sina pesa, unajua. Lakini wenzangu wanataka kulipa saa hii, na hakuna mtu anamuuliza kitu." Nilisikia mashine za kiwanda nyuma yake. "Nimuulize nini?"

Nikavuta kigoda nikaketi. Ploti moja ya Katangi niliwahi kuiona ikiuzwa kwa watu watatu, na wote watatu walikuja kwetu na hatimiliki mkononi. Nikamwambia na yeye atafute kiti, amshike huyo jamaa asiondoke, kwa sababu maswali ya shamba ni mengi, na mbuzi mimi nimebakiza mmoja tu.